Hapana za Bi Eudora

Rais pekee ambaye Bi Eudora Stickney alimsamehe kwa kuwa rais alikuwa Calvin Coolidge. Picha yake ilitundikwa jikoni kwake, kati ya kalenda ya duka la vyakula vya ng'ombe na kikaango cha donati, na mafuta ya miaka mingi yalikuwa yamemfanya mheshimiwa ang'ae uso.

"Mtu wa hapa hapa Vermont," alikuwa akituambia kila tulipokwenda kuomba mayai. "Aliapishwa na baba yake mzazi kwa mwanga wa taa ya mafuta, halafu akarudi kulala. Nionyesheni mwingine aliyekabidhiwa nchi nzima akaenda kulala."

Rais Washington, yule wa kwanza kabisa, Bi Eudora alimpenda kwa sababu muda ulipofika alikubali kwenda nyumbani. Lincoln alimheshimu, ila alisema aliacha makarani wengi mno serikalini. Reagan, aliyekuwa madarakani miaka ninayoisimulia, alimpigia kura mara zote mbili, kisha akawa anagombana naye kila jioni kupitia redio. "Unasema serikali inapungua!" alimfokea akiwa ameshika mwiko. "Mimi nikisema nimekonda watu wananipima kwa mizani, hawanipimi kwa hotuba!"

Sisi wa mji huu wa West Tansy, wengi wetu ni wa chama cha Republican tangu kwa babu zetu, na sioni haja ya kumwomba mtu radhi kwa hilo. Lakini Bi Eudora alikuwa Republican kuliko chama chenyewe. Alizaliwa kwenye shamba la mlimani lililotoa mawe mengi kuliko viazi. Aliolewa na Merle Stickney, mwanamume aliyeongea kwa nadra sana, na alimpendea hilo hilo. Merle alipokufa kwa kichomi, mjane akashika usukani wa lori la maziwa, akawa anazunguka mashambani kabla ya alfajiri, theluji ikiwepo au isiwepo, mpaka watoto wake wawili wakasoma na kuhamia Connecticut. "Wamekwenda kulipa kodi za watu wengine," alisema.

Kitu kilichomtia wazimu wa bajeti kilimpata akiwa msichana, mwaka 1936. Serikali ya Rais Roosevelt ilitaka kutujengea barabara ya kifahari juu ya vilele vya milima yetu, toka kusini mwa jimbo hadi kaskazini, na sehemu kubwa ya pesa ingetoka kwa serikali kuu kule Washington. Jimbo zima likaulizwa siku ya mikutano ya miji, na Eudora ndiyo kwanza alikuwa amefikisha umri wa kupiga kura. Alisimama na baba yake kwenye ukumbi uleule tunaoutumia mpaka leo, akasema hapana, na siku chache baadaye magazeti yakaandika kuwa Vermont imeikataa barabara. Yaani yeye, binti wa shamba la mawe, na wenzake waliovaa mabuti ya matope, wamemzuia Roosevelt! Utamu ule haukumtoka mdomoni tena.

Tatizo ni kwamba tangu siku ile hakuuonja tena. Kila Machi tunakutana ukumbini, mji mzima, tunapitia matumizi hoja kwa hoja, na kila mtu ana haki ya kusimama na kusema lake. Na kila Machi Bi Eudora alisimama kupinga kitu. Alipinga taa ya barabarani, akisema mwezi upo na ni wa bure. Tukampinga kwa kura, taa ikawekwa, na mwanga wake ukapiga moja kwa moja dirishani kwenye chumba chake cha kulala. Alipinga gari jipya la kuondoa theluji. Tukampinga tena, na wiki iliyofuata gari lilelile likamtoa mtaroni yeye na mayai yake. Alimshukuru dereva vizuri sana, akampa donati mbili, akamwambia bado ni ghali mno.

Miaka zaidi ya hamsini, hakushinda hata mara moja. Hata kwa bahati mbaya hakushinda.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Mwalimu Wendell Farnum, aliyefundisha historia mpaka akastaafu, mseja, mtu wa chama cha Roosevelt, Democrat, tena Democrat wa kujivunia, na hapa kwetu hilo linahitaji moyo. Wendell alimpenda Roosevelt kama Bi Eudora alivyompenda Coolidge. Mkutano ulikuwa haujachemka mpaka hao wawili wasimame.

"Coolidge alikuwa analala mchana, Bi Eudora! Rais wa nchi!"

"Na akilala alikuwa hatungi sheria, Mwalimu. Huyo wako angelala kidogo tungekuwa matajiri."

"Huyo wangu ndiye aliyewaletea wakulima umeme!"

"Na bili akaileta vilevile!"

Tulikuwa tunakufa kwa kucheka. Halafu tunapiga kura, Bi Eudora anashindwa, anakaa chini, anatoa soksi anayofuma kwenye mkoba, anaendelea kufuma. Ukiwa karibu naye, uliona sindano zikikimbia kasi kuliko kawaida. Mimi niliona. Mimi ndiye ninayepika maharage ya mkutano, na jikoni mwa ukumbi kuna kidirisha kinachotazama viti vya mbele.

Sasa nije kwenye mwaka wenyewe, ule wa mwisho wa Reagan. Mji wetu unaongozwa na wajumbe watatu, na mmoja wao ni mume wangu, Armand. Januari Mwalimu Wendell alikuja nyumbani, akakataa kahawa, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa.

"Nataka mji umfanyie kitu Bi Eudora," akasema. "Kitu chenye jina lake. Na asijue mpaka siku yenyewe."

Armand akafurahi, wajumbe wenzake wakafurahi, na mji mzima ulipopenyezewa habari ukafurahi. Wakakubaliana kumwekea benchi la jiwe, lile jiwe gumu linalochimbwa Barre, lisilooza wala kuota kutu. Mpaka hapo sikuwa na neno. Neno langu lilikuja waliposema litalipiwa na nani.

"Changisheni," nikawaambia. "Pitisheni kofia."

"Zawadi ya mji ipitishwe na mji," Armand akasema. "Ikiwa kwenye bajeti, kila mtu ametoa. Tutaandika kwa mbali. 'Uboreshaji wa eneo la katikati ya mji.' Nani atajua?"

Nilimtazama mume wangu niliyezaa naye watoto wanne. Wanaume watatu na mwalimu mmoja, ukijumlisha akili zao zote, wameamua kumficha Eudora Stickney kitu ndani ya bajeti! Heri umfiche paka samaki kwenye sahani yake mwenyewe.

Wendell angalau aliiona hatari, akatengeneza chambo. Hoja ya kumi na moja ndiyo ilikuwa benchi. Juu yake, kama hoja ya kumi, akaweka ombi lake mwenyewe: mji uajiri wataalamu kutoka Boston waje wachunguze jinsi wakazi wa West Tansy wanavyojisikia kuhusu West Tansy. "Akiona hilo," alisema akisugua mikono, "atalirukia kwa meno yote. La kumi na moja litapita amechoka."

Ajenda ya mkutano ilitolewa ukumbini Februari. Kesho yake asubuhi, matope yakiwa yameanza, nikasikia mlango wangu unagongwa kwa fimbo.

"Bernadette! Uko ndani?"

"Nipo, Bi Eudora, karibu. Magoti yanasemaje?"

"Yanasema yasiyotamkika mbele ya mtu anayekwenda kanisani." Akaketi, akaweka mfuko wa donati mezani. Zilikuwa bado za moto, nikajua nimekwisha. "Umeona hoja ya kumi?"

"Nimeona," nikasema, moyo ukitulia kidogo. "Ya kujisikia. Upuuzi mtupu."

"Upuuzi uliopitiliza. Wendell ana makosa mengi, lakini si mjinga. Mtu mwenye akili akikuwekea ujinga mezani, tazama ameficha nini chini ya meza." Akaniinamia. "Kumi na moja. 'Uboreshaji wa eneo la katikati ya mji.' Uboreshaji wa nini?"

Nikageukia jiko. "Labda ni nyasi."

"Dola elfu mbili na mia sita za nyasi? Zinatoka peponi?" Kisha sauti yake ikabadilika. "Mwanangu, nisikilize. Mwaka huu nimepanda ngazi za ukumbi mara moja, kwenda kuchukua hiyo ajenda, nikakaa kwenye ngazi nusu saa. Mwakani sijui kama nitafika. Nataka nishinde moja. Moja tu kabla sijafa. Hii hapa, isiyo na jina wala mwenyewe, ndiyo ninayoweza kuishinda. Nisaidie."

Ungefanyaje? Nilitia donati nzima mdomoni ili nisijibu.

Wiki tatu alizunguka. Fimbo mkono mmoja, donati mkono mwingine, nyumba hadi nyumba kwenye matope ya kufika vifundoni. Mji mzima ukawa unajificha. Watu waliomwona akija walizima redio na kulala sakafuni. Daktari Clifton Boutwell, anayetibu ng'ombe wetu na ndiye mwenyekiti wa mkutano, alimkimbilia ng'ombe asiye mgonjwa akamchunguza saa nzima. Waliochelewa kujificha walikula donati, wakasema "tutaona, Bi Eudora," na kumtazama akiondoka polepole njiani, wakajisikia vibaya kuliko wataalamu wa Boston wangeweza kupima.

Nyumbani kwangu kulikuwa na vita. "Mwambieni tu!" nilimwambia Armand.

"Itakuwa si siri tena."

"Atalipinga benchi lake mwenyewe, Armand!"

"Atashindwa. Kwani ameshawahi kushinda?"

Basi Jumanne ya kwanza ya Machi ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye madirisha. Mabuti yamepangwa mlangoni, bendera imesimama pembeni, harufu ya maharage yangu yaliyookwa na asali ya utomvu wa miti imejaa kila mahali, na mbele kabisa Bi Eudora, amevaa kofia yake ya buluu ya mazishi na harusi, mkoba magotini. Hakutoa soksi.

Hoja za mwanzo zilipita bila yeye kusema neno. Barabara, ndiyo. Shule, ndiyo. Pampu ya zimamoto, ndiyo. Watu wakaanza kutazamana. Ikaja ya kumi, Wendell akasimama akaieleza kwa maneno matamu, akimaliza kila sentensi anamtazama Bi Eudora kama mtu anayemwitia kuku mtama. Bi Eudora akampungia mkono tu. "Pigeni kura, nina haraka," akasema. Ikafa kwa kishindo, na Wendell mwenyewe akaipinga.

"Hoja ya kumi na moja," Daktari Clifton akasoma. "Je, mji utenge dola elfu mbili na mia sita kwa uboreshaji wa eneo la katikati ya mji?"

Bi Eudora akainuka. Alichukua muda, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, namwuliza mjumbe Armand. Uboreshaji wa nini?"

Mume wangu akasimama. Ni mtu mnene, na jasho lilikuwa limeshamfika kwenye kola. "Wa... eneo."

"La katikati, nimesoma. Linaboreshwaje?"

"Kwa... kwa upande wa kukaa."

"Wa kukaa?"

"Watu waweze kukaa, Bi Eudora."

"Armand, mimi nimekuona ukikaa tangu una miaka mitatu, na hujawahi kuhitaji msaada wa mji."

Ukumbi ukapasuka. Daktari Clifton alipiga nyundo huku mabega yake yakitikisika. Nilicheka mpaka nikashika ukingo wa kidirisha, na mume wangu akanitupia jicho ambalo nililijibu baadaye nyumbani.

Bi Eudora akangoja kicheko kiishe. Kisha akazungumza, na siyo kama miaka yote. Miaka yote alirusha mawe. Siku hiyo alizungumza taratibu, akitugeukia sisi na siyo meza kuu.

"Majirani zangu," akasema, "nimewachosha miaka mingi. Nimepinga taa na magari, na pengine kwenye taa nilikosea, ingawa Mungu anajua silali. Lakini hili si taa. Kila kitu nilichowahi kukipinga kilikuwa na jina. Wendell alitaka vitabu, akasema vitabu. Armand alitaka greda, akasema greda. Hii haina jina. Serikali inaanza kuoza siku inapoona haya kusema inataka pesa zenu za nini. Kule Washington walianza hivyohivyo, na kijineno kidogo kama hiki. Uboreshaji!"

Akahamishia fimbo mkono wa pili.

"Na nimewaza, labda ni kitu kizuri. Nawafahamu ninyi, hamna roho mbaya. Labda ni zawadi kwa mtu. Basi nawauliza: zawadi inatolewaje? Merle alipokufa, mlileta vyakula mpaka meza ikapinda. Mlinipasulia kuni. Hamkupiga kura. Hamkumtoza bibi kizee wa bondeni, ambaye hana hata hela ya mafuta ya kupashia nyumba moto, ili mnifurahishe mimi. Ukinipa zawadi kwa pesa ya jirani yangu hujanipa kitu, umemkopa yeye ukanitabasamia mimi. Kodi ni ya barabara. Wema utoke mfukoni mwako na mikononi mwako, la sivyo si wema. Nimemaliza."

Akakaa. Jamani! Alikuwa na haki! Mwanamke huyu tuliyemcheka miaka yote alikuwa ameweka kila kitu mahali pake, na ndani ya ukumbi hakuna aliyekuwa anafikiria benchi tena.

"Wanaokubali, waseme Ndiyo," Daktari Clifton akasema.

"Ndiyo," wakasema wajumbe watatu, kama mbuzi wenye baridi.

"Wanaokataa?"

"HAPANA!"

Madirisha yalilia. Na ninaapa, mdomo wangu mwenyewe uliita kabla akili haijafika. Nikauziba kwa mkono. Ukumbi mzima kulikuwa na watu waliojiziba midomo, wakitazamana na macho yametoka. Tumefanya nini?

Bi Eudora hakuwa akituona. Alisimama, fimbo ikaanguka, kofia ikalala upande mmoja. "Nimeshinda?" akauliza. "Clifton, nimeshinda?"

"Umeshinda, Bi Eudora."

"Sema tena!"

"Umeshinda! Hoja imeanguka!"

Akapiga yowe ambalo ng'ombe wa upande wa pili wa mto lazima waliligeukia. Akambusu Daktari Clifton shavuni. Akambusu aliyekuwa karibu, akambusu asiyekuwa karibu, akazunguka nusu duara kwa magoti yale yale mabovu, akicheka na kulia kwa pamoja, "Nimeshinda! Nimeshinda, mwanaharamu mkubwa wewe Roosevelt!" na mchungaji wetu akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Ndipo Wendell akanyoosha mkono, uso mwekundu. "Mheshimiwa mwenyekiti, kabla hujafungua hoja nyingine. Naomba hii irudiwe."

Kwetu kurudia kunaruhusiwa, ila anayeweza kuomba ni yule tu aliyepiga kura upande ulioshinda.

"Mwalimu," Daktari Clifton akasema polepole, "ulipiga upande gani?"

"Hapana," akasema Wendell.

Bi Eudora akamgeukia. "Umenipigia mimi?"

"Ulikuwa na hoja nzuri."

"Una homa, Wendell? Umekula nini?"

"Bi Eudora, keti kwanza." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Lilikuwa benchi. La jiwe. Lako wewe."

Bi Eudora akakaa kama aliyesukumwa.

"Tunakuona ukitoka posta," Wendell akaendelea. "Sote tunakuona, kila siku. Unafika kwenye ua wa mtu, unaushika, unajifanya unatazama maua, na ni majira ya baridi, hakuna maua. Nikasema uwe na mahali pa kukaa. Wazo ni langu. Wao wamenifuata tu. Naomba turudie kura, tulipitishe, nawe usiseme neno, mara hii moja tu katika maisha yako."

Bi Eudora alitazama mikono yake.

"Lilikuwa na pa kuegemea mgongo?" akauliza mwishowe.

"Lilikuwa napo."

"Na maandishi?"

"Jina lako. Na chini yake neno moja tu." Wendell akajaribu kutocheka, akashindwa. "Hapana."

Mmoja nyuma akakoroma kwa kicheko, na baada yake sote. Tulicheka mpaka tukakohoa, na Bi Eudora ndiye aliyecheka kuliko wote, kofia mkononi, machozi yakiteremka bila yeye kujali. Kicheko kilipopungua watu wakaanza kuita, "Rudia! Rudia kura! Apewe benchi!"

"Nyamazeni!" Akainuka tena, sasa akishikilia kiti. "Nyamazeni, na mnisikie. Benchi ni zuri. Nalitaka. Sijawahi kutaka kitu cha kukalia namna hii, magoti haya yananiua. Lakini nimewaomba miaka yote hii mnikubalie mara moja, na leo mmenikubalia, na mmenikubalia kwa sababu nimesema kweli. Mkirudia, maana yake mlinionea huruma. Mtakuwa mmeninyang'anya kitu pekee nilichokishinda tangu nikiwa msichana, na mtaninyang'anya kwa wema, na mimi sitakuwa na wa kumlaumu. Niachieni ushindi wangu. Nawaomba."

Daktari Clifton akashika nyundo. "Wanaotaka kura irudiwe, waseme Ndiyo."

"Ndiyo," akasema Wendell, peke yake, kwa ukaidi.

"Wasiotaka?"

Sijawahi kusikia kitu kama kile, wala sitarajii kukisikia tena. Hata mume wangu aliita. Hata wajumbe wenzake, hata mchungaji. Hapana ile ilitoka kwa watu waliompinga maisha yake yote, wakampa neno lake mwenyewe kwa nguvu zote za vifua vyao, na yeye alisimama pale kati, macho yamefumbwa, akiipokea yote.

Baada ya hapo tulikula. Hoja zilizobaki zilipita zenyewe, sikumbuki hata zilikuwa za nini.

Jioni, mkutano ulipofungwa, watu sita walimwomba apande gari. Akakataa. "Leo natembea," akasema. "Mshindi hapelekwi kama gunia." Akakaa kidogo ukumbini kupokea mikono, na wakati huo ndipo nilipoona magari yakiondoka mbiombio, matope yakiruka, utafikiri kuna nyumba inaungua. Sijui nani alianza. Nilipofika kwangu mbio kuchukua kiti cha jikoni, nilimkuta Armand tayari ameshakitoa mlangoni, anakikandamiza kwenye matope kando ya barabara ili kisiyumbe.

Bi Eudora alipotokea kwenye kona, barabara nzima, mbele ya kila nyumba, palikuwa na kiti. Viti vya jikoni, viti vya kukunja, kigoda cha kukamulia, kiti kimoja cha zamani cha daktari wa meno ambacho hakuna aliyejua kilitoka wapi. Akasimama akavitazama, mdomo wazi. Kisha akaenda akakaa kwenye cha kwanza, akajitikisa. "Hiki kinayumba," akawaambia wenyewe. Akaenda cha pili. "Hiki kimenyooka mno, mnakaaje hapa mkila?" Alikaa kwenye kila kimoja, akakilaumu kila kimoja, na watu walitoka nje kulaumiwa wakiwa na nyuso za sikukuu. Kwangu alikaa muda mrefu, akasema mto wa kiti unanuka maharage.

Mwisho alifika kwa Wendell. Pale palikuwa na kiti cha kutikisika ambacho Mwalimu alimnunulia marehemu mama yake, kimefunikwa blanketi la sufu. Bi Eudora hakukaa. Alikizunguka.

"Nani amelipia hiki?" akauliza.

"Mimi," Wendell akajibu kutoka kibarazani.

"Hakuna hata senti ya mji?"

"Hata moja, Bi Eudora."

Basi akakaa, akaegemea mpaka mwisho, akainua mabuti yake kutoka kwenye matope, na hakushuka mpaka jua lilipozama.